Konea ya kupandikizwa hudumu miaka mingapi?

Mwalimu wa Tukuyu
Wanajukwaa, salaam. Mpwa wangu wa kidato cha sita ana keratokonasi, yaani konea yake, ule utando angavu wa mbele ya jicho, imekonda na kuchongoka kuelekea mbele. Miwani haimsaidii tena, na lenzi ngumu za kuvaa machoni zimemshinda. Daktari wa macho hapa Mbeya anasema jicho la kulia linahitaji konea ya kupandikizwa, hivyo atapewa rufaa kwenda Dar es Salaam. Baba yake anasita kwa sababu konea hiyo itatoka kwa marehemu ambaye pengine alikuwa mzee, na tena hakuna aliyezungumzia kupima kama miili yao inaoana. Utafiti unasemaje?

Muuguzi wa macho, Iringa
Mwalimu, hofu zote mbili zilikwisha kuchunguzwa nchini Marekani. Kuhusu umri, wagonjwa 1,090 walifuatiliwa, baadhi wakiwa wamepewa konea za marehemu wasiofikia miaka 66 na wengine za marehemu wa miaka 66 hadi 75. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha kuwa baada ya miaka 5, asilimia 86 ya konea zilikuwa zinafanya kazi katika makundi yote mawili. Hata hivyo, msiichukue asilimia hiyo kuwa ya kijana wenu, kwa kuwa wagonjwa wale walikuwa na maradhi ya tabaka la ndani la konea, na kwa kawaida wenye keratokonasi hupata matokeo mazuri zaidi.

Kuhusu kuoanisha tishu, utafiti wa mwaka 1992 uliwahusisha wagonjwa walio katika hatari kubwa ya mwili kuikataa konea, na hata kwao kuoanisha huko hakukupunguza tatizo. Konea yenye afya haina mishipa ya damu, ndiyo maana kinga ya mwili huchelewa kuitambua kuwa ni ngeni. Jicho lenye kovu ambalo mishipa imekwisha kuliingia ni habari nyingine kabisa.

Mdau wa Mafinga
Mimi nilipandikizwa, na ninaishi na konea hiyo hadi leo. Mzee asitarajie kwamba bandeji ikitolewa kijana atasoma gazeti, maana nyuzi hukaa jichoni miezi mingi, mara nyingi zaidi ya mwaka, na uoni hubadilika kadiri zinavyotolewa. Uzi wangu mmoja ulilegea. Kila nilipopepesa nilihisi mchanga chini ya kope, na machozi hayakukatika. Nilikwenda kliniki siku hiyohiyo, kwa sababu uzi uliolegea hukusanya vijidudu na huweza kuamsha kinga ya mwili dhidi ya konea. Kwetu huku kwenye vumbi la mbao, hilo si jambo la kupuuzia.

Muuguzi wa macho, Iringa
Mdau amegusa penyewe. Jicho likiwa jekundu, likiogopa mwanga, likiuma au uoni ukififia, asisubiri tarehe ya kliniki, kwani konea inayoanza kukataliwa mara nyingi huokolewa kwa matone ya steroidi yakianzwa mapema. Matone hayo yana gharama yake: huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, hivyo presha ipimwe kila anapohudhuria. Kabla ya safari ya Dar, ulizeni ni nani atakayemwona Mbeya jicho likibadilika ghafla.

Ulizeni pia kama anafaa kubadilishiwa matabaka ya mbele pekee. Akibaki na tabaka lake la ndani, mwili hauna tabaka geni la kushambulia hapo, na aina ya kukataliwa inayoua konea nyingi inaepukwa.

Na jicho la kushoto je? Ikiwa nalo linachongoka, kuna tiba ya kukaza konea kwa matone ya riboflavini na mwanga wa urujuanimno, ambayo matokeo yake ya awali yalichapishwa na madaktari wa Dresden, Ujerumani, mwaka 2003. Tiba hiyo husimamisha ugonjwa, hairudishi kilichopotea, kwa hiyo kuchelewa kuna hasara. Aache pia kufikicha macho. Kama ni mzio unaomwasha, utibiwe.

Mwalimu wa Tukuyu
Ahsanteni sana. Kufikicha ndiyo tabia yake tangu utotoni, hasa msimu wa vumbi. Jicho la kushoto tutaomba lipimwe upya wiki hii, kabla ya barua ya rufaa kuandikwa.