Mnaocheka "kura" na "balabala" huku mnasema "lisaa limoja", nina neno na nyie

Wakuu, leo naandika nikiwa na hasira na sitazificha.

Hii tabia ya mtu kuleta hoja ya maana halafu jibu la kwanza analopewa ni "jifunze kwanza Kiswahili" imenichosha. Na vinara wa tabia hiyo, Kiswahili chao wenyewe kina viraka kila mahali. Ila hamvioni, kwa sababu wamevaa tai.

Juzi kwenye grupu la WhatsApp la wazazi, mama mmoja mwenyeji wa Mara aliuliza: "Mchango wa uji tumeshatoa, mbona watoto wanarudi hawajakura?" Swali halali kabisa. Ikawa sherehe. Mmoja akajibu, "Uchaguzi bado mama, watapiga tu." Vikatuni vya kucheka vikamwagika mpaka swali likapotelea huko juu. Baadaye akatokea mwenyekiti: "Naomba niombe wazazi tuwe watulivu, ndani ya lisaa limoja nitatoa ufafanuzi, dhumuni letu ni moja." Hakuna aliyecheka! Akamiminiwa vidole gumba na "asante mwenyekiti kwa hekima". Lisaa likapita, siku ikapita, kimya. Yule mama hajaandika tena mle ndani.

Haya, tupige hesabu. "Naomba niombe", maombi mawili ya nini? Neno ni madhumuni, hilo "dhumuni" mmelikata wapi? "Lisaa" walau naelewa lilikotoka: saa moja kwetu ni ya asubuhi, ni ya jioni, na tena ni dakika 60, kwa hiyo watu wakatafuta namna ya kutenganisha. Sawa, lakini kwa kanuni hizo hizo mnazowapigia wenzenu, saa ni saa, iwe moja au ziwe mia.

Mwenyekiti matatu, mama moja. Na hilo moja la mama si hata la sarufi, ni la matamshi. Kikurya hakina L, ulimi wake umekulia kwenye R. Msukuma ni kinyume chake, kwao R haipo, ndiyo mnasikia "balabala". Mkikuyu naye yuko kambi moja na Mkurya. Kwani nyie Kiingereza chenu mnakitamka kama watu wa London?

Wanaonitoa roho zaidi ni polisi wa "rafiki wangu". Mtu kaandika vizuri tu "rafiki yangu kapata ajali, naomba ushauri", anaibuka mjuaji: "Rafiki ni kiumbe hai, ngeli ya A-WA, sema rafiki wangu." Mwenzako ana mgonjwa, wewe unaleta ngeli, na ngeli yenyewe umeikosea! Rafiki anakuja, rafiki huyu, rafiki mzuri, hapo A-WA iko kazini. Kwenye umilikishi ni rafiki yangu, rafiki zangu, ndugu yangu, ndugu zangu. Kama kila kiumbe hai ni "wangu", basi kesho mpigie mzazi wako umwambie "shikamoo mama wangu", tuone ataitikia nini.

Watu wa Mombasa nao hawaponi. Akisema "yuwaja" (anakuja) au "ndoo hapa" (njoo hapa), wa bara anauliza ndoo ya maji au ya rangi. Kimvita, hicho Kiswahili chao cha Mombasa, kina tungo za karne na karne, ndugu zangu. Mwaka 1928 watu walikaa kikao huko huko Mombasa wakaamua Kiswahili cha shuleni kijengwe juu ya Kiunguja. Ulikuwa uamuzi wa kikao, basi. Haukuwafanya Wamvita kuwa watu wasiojua lugha ya bibi zao.

Halafu washa redio. Mtangazaji anatangaza "nyimbo yake mpya hii hapa", msanii anaitikia "hii nyimbo niliiandika usiku". Wimbo mmoja! Hakuna anayepiga simu studio kusahihisha. Huyo huyo msikilizaji akienda gengeni, muuza mkaa akimwambia "gunia dogo limeisha, chukua lile lefu", anatoa simu amrekodi.

Kusahihishana sikatai. Msahihishe mtu faragha, jibu na swali lake.

Sasa wale wa "rafiki wangu" njooni mjitetee. Na mods, uzi huu msiupeleke jukwaa la lugha, wahusika wapo huku huku.