MJADALA: Maji ya moto ya zahanati na bweni, tufunge mtambo wa jua, tununue hita za umeme au tubaki na kuni?

MKULIMA WA ALIZETI
Wanakijiji wenzangu, mlio nyumbani na mlio mbali, mkutano mkuu unakuja na ajenda hii imo. Halmashauri ya kijiji inapendekeza kila kaya ichangie ili zahanati na bweni la wasichana vifungiwe mtambo wa kupasha maji kwa jua, ule wenye mirija ya vioo na tangi juu ya paa. Wapo wanaotaka fedha hiyohiyo inunue hita za umeme kwa kuwa nguzo zimeshafika. Wapo wanaosema kuni zipo, haraka ya nini.

Mimi nasimama na jua. Huku Mkalama, mkoani Singida, baridi yetu kali ni Juni na Julai, na ndiyo miezi ambayo mbingu haina wingu. Makete baridi huja na ukungu, yetu inakuja na upepo: alfajiri meno yanagongana, saa nne bati linaunguza. Kila mita moja ya mraba ya paa inapokea kwa siku nishati ya uniti 5 hadi 6 za umeme, tunaiacha ipite bure. Wakati huohuo mama anayekuja kujifungua anakuja na beseni, khanga na mzigo wa kuni, ndugu zake wanapanga mafiga nyuma ya wodi. Tena anayebeba mzigo huo mara nyingi ni binti wa shule. Naomba maoni kabla ya mkutano.

FUNDI BOMBA
Mkulima, hoja ya jua sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni maji. Funua birika la nyumbani kwako uangalie ndani: ule ukoko mweupe mgumu kama chokaa. Maji ya kisima chetu yana chumvi, na yakipashwa moto yanaacha ukoko. Kwenye birika unakwangua kwa kisu. Kwenye mrija wa kioo utakwangua na nini? Nimeshafungua mtambo wa taasisi moja ambayo siitaji, mirija ilikuwa imejaa unga mweupe chini, maji yanatoka vuguvugu, wakasema jua limepungua. Halafu watoto wenu wana manati. Mtambo wa aina hii mrija mmoja ukipasuka tangi lote linamwagika.

MHASIBU WA KIKUNDI
Tufanye hesabu kabla ya kutishana. Lita 200 kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 50 zinahitaji uniti 7 hivi. Zahanati haimo kwenye kundi la uniti za bei ya chini, inanunua kwa shilingi 356 na senti ukijumlisha kodi. Hiyo ni karibu 2,500 kwa siku, 75,000 kwa mwezi, kwa tangi moja tu. Nani atalipa luku ya zahanati kila mwezi? Siku tuliyochangishwa taa ya wodi ya wazazi mnaikumbuka.

Na msidhani nyumbani ni nafuu. Ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 20 mpaka 45 inakula nusu uniti na kidogo. Watu watano, ndoo moja moja kila siku, ni uniti 87 kwa mwezi. Ukivuka 75 unatolewa kwenye kundi la kununua uniti kwa 122, unapelekwa kwenye 356, taa na redio vyote vinapanda humo humo.

KIJANA WA CHUO
Habari zenu wazee na ndugu. Mnazunguka mbuyu. Kuni nyingi pale zahanati hazichemshi maji ya kuoga wala ya kufulia, zinachemsha maji ya kukanda wazazi. Kukanda ni mila iliyopitwa na wakati na haina faida kitaalamu. Tukiacha kukanda, hatuhitaji mtambo wala hita. Fedha iende kwenye madawati.

MAMA PACHA
Wewe kijana mama yako alikandwa na nani? Rudi umuulize. Nilijifungua pacha mwezi wa saba, usiku, kwenye wodi ambayo upepo unaingia chini ya mlango. Mama mkwe alikuja na ndoo ya maji ya moto na kitambaa, akanikanda mgongo na nyonga mpaka nikaweza kukaa. Leo mtu ambaye hajawahi kuwa na uchungu wa chochote zaidi ya jino ananiambia haina faida. Madawati! Utakaa kwenye dawati bila kuzaliwa?

KIJANA WA CHUO
Mama Pacha, shikamoo, sikukutukana. Nilisema kitaalamu. Kuna watu wanaungua, hilo nalo tulinyamazie?

MAMA PACHA
Marahaba. Kuungua kunatokana na moto wa mafiga usiopimwa, watu wanachota sufuria inayotokota. Sasa unasema tuache maji au tuache sufuria? Chagua.

MZEE WA BARAZA
Wanangu, zamani mke akikaribia siku zake mume ndiye aliyekata kuni za uzazi, zikapangwa nyuma ya nyumba, na watu walizihesabu. Ukiwa huna kuni ulidharauliwa. Siku hizi mwanamume anapiga simu tu, bodaboda analeta mzigo. Kwa hiyo kabla hatujajadili mtambo, tujadili wanaume.

FUNDI BOMBA
Mzee shikamoo. Zamani pori lilikuwa palepale nyuma ya boma. Leo kuni unazifuata mpaka kule kwenye miombo ya mbali, na ukikutwa bila kibali unalala ofisini. Usitulaumu wanaume kwa pori lililokatwa tukiwa wadogo.

MZEE WA BARAZA
Marahaba. Nani alilikata? Si nyinyi mnaochoma mkaa?

FUNDI BOMBA
Mimi ni fundi bomba. Sijachoma mkaa hata gunia moja.

DADA WA KIOMBOI
Samahani naingilia. Nilisikia serikali ilishapiga marufuku kuni kwenye taasisi, zile zenye watu zaidi ya 100, tangu Januari 2024. Sasa bweni letu linapita idadi hiyo. Je, hatuvunji sheria tayari? Kwa nini tunauliza kama tubaki na kuni?

MHASIBU WA KIKUNDI
Dada, katazo lile ni la kupikia chakula. Hata mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unaozungumzia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034 unahusu nishati safi ya kupikia. Maji ya kuoga hayakutajwa, na hapo ndipo shule nyingi zinaponunua gesi ya jikoni halafu mafiga ya maji yanabaki nyuma ya bweni. Kenya waliandika kanuni za maji ya moto peke yake mwaka 2012: jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku lifunge mtambo wa jua.

KIJANA WA CHUO
Na huko Kenya utekelezaji umewashinda mara ngapi? Kila kitu Kenya, Kenya.

MHASIBU WA KIKUNDI
Sikusema tuhamie Kenya. Nilisema waliandika.

MUUGUZI WA ZAMU
Nimesoma kimya, naona wodi yangu inajadiliwa na watu wasioingia humo. Niseme mambo mawili.

Moja: kukanda tumbo kwa maji yanayotokota tunakataza, kweli, kwa sababu nimefunga vidonda vya moto vya wazazi kwa mikono yangu. Kuoga maji ya moto kiasi na kufunikwa vizuri baada ya kujifungua hatukatazi, tunahimiza. Mama Pacha na Kijana, kila mmoja ana kipande chake cha ukweli, punguzeni sauti. Lakini hata maji ya nyuzi 50 kutoka kwenye tangi yanaunguza ngozi ya kichanga, kwa hiyo koki ya baridi lazima iwe pembeni yake. Hilo sijalisikia kwenye mchango wowote.

Pili: asije mtu akadhani mtambo wa paa utatakasa vifaa vya kujifungulia. Vifaa vinataka mvuke wa nyuzi 121 ndani ya chombo chake. Maji ya jua ni ya kuoga, kufua mashuka, kuosha mikono na kusafisha sakafu. Kwangu hiyo ni kazi kubwa. Usiku mmoja wenye wazazi watatu, mhudumu wangu yuko nje anapuliza moto nikiwa ninamhitaji ndani.

MAMA PACHA
Sista ahsante. Ila "kukanda tumbo tunakataza" mnatuambia tukiwa tumeshakandwa. Kliniki miezi yote hiyo mnapima uzito tu.

MUUGUZI WA ZAMU
Dada yangu, somo hilo hutolewa kila kliniki, saa moja asubuhi, kabla ya kupima. Wengi mnafika saa tatu.

MAMA PACHA
Tunafika saa tatu kwa sababu tunachota maji na kuchemsha ya watoto kuogea waende shule! Ndicho ninachopigia kelele tangu mwanzo.

MKULIMA WA ALIZETI
Ndugu zangu, naomba turudi. Fundi ametoa hoja ya ukoko na hakuna aliyemjibu, sote tumekimbilia kukanda. Nauliza moja kwa moja: fundi, maji ya mvua yakitumika je? Paa la zahanati lina bati zuri na simtanki lipo, limekaa bure tangu mfereji wake ung'oke.

FUNDI BOMBA
Hapo ndipo nilipotaka mfike. Maji ya mvua hayana ile chumvi. Ila mvua yetu inaisha Aprili, na Juni hadi Oktoba simtanki la lita 5,000 kwa lita 200 kwa siku linakupa siku 25 tu. Kwa hiyo chumvi itaingia, mtake msitake. Dawa ni kuchagua mtambo ambao maji ya kisima hayapiti kwenye mirija yenyewe, yanapita kwenye tangi tu na moto unaletwa na kijiti cha shaba kilichomo ndani ya kila mrija. Huo hata mrija ukipasuka tangi halimwagiki. Ni ghali zaidi. Na tangi bado litakwanguliwa na kuoshwa kwa siki au ndimu, kila mwaka, si siku mtakayokumbuka.

Jingine: ule wa kawaida, mirija ikiwa mikavu na imepigwa na jua, usifungulie maji ya baridi saa sita mchana. Inapasuka papo hapo, nimeona sita zikilia kwa pamoja. Unajaza alfajiri au jioni. Nani pale bwenini atajua hilo?

DADA WA KIOMBOI
Matroni.

FUNDI BOMBA
Matroni wa sasa anahama mwezi wa kumi na mbili.

KIJANA WA CHUO
Kama ni hivyo kwa nini tusipake rangi nyeusi mapipa, tukayaweka juu ya kichanja ndani ya sanduku la kioo, na bweni likaoga jioni badala ya alfajiri? Hakuna mrija, hakuna shaba, na ukoko unaukwangua kwa mkono. Gharama ni pipa, kioo na fundi seremala.

MZEE WA BARAZA
Wasichana waoge jioni kwa ratiba ya pipa? Mwanangu, wewe unataka kuwapangia wanawake hata saa ya kuoga. Kwanza kukanda, sasa hili.

KIJANA WA CHUO
Mzee, ni baridi! Jioni pipa lina joto, alfajiri limepoa. Sipangi wanawake, napanga maji.

MAMA PACHA
Kwa hili la pipa nakubaliana na kijana, na iandikwe. Binti yangu yuko bwenini, anaoga maji ya baridi ya saa kumi na moja alfajiri Julai yote na kifua hakimwachi. Jioni akioga maji ya moto akalala nitalala na mimi. Ila zahanati hapana, zahanati mtoto anazaliwa saa yoyote, tangi lenye sponji ndani ya kuta zake linalotunza joto usiku ndilo linalofaa.

MHASIBU WA KIKUNDI
Basi ajenda imebadilika: mapipa bwenini, mtambo mmoja zahanati, ule wa kijiti cha shaba. Mchango kwa kaya unashuka. Lakini nataka kifungu cha matengenezo kiandikwe humo humo, fedha ya ndimu na ya mirija ya akiba, la sivyo sisaini.

FUNDI BOMBA
Na manati?

MZEE WA BARAZA
Manati niachieni mimi. Ila lile la nani alichoma mkaa halijaisha, nitalileta kwenye mengineyo.

MUUGUZI WA ZAMU
Koki ya baridi bado hamjaiandika.