Bayoumi ama Karim: nani wa kuandikia kazi ya darasa?

Mwanafunzi_Ibanda: Jambo wandugu. Niko Bukavu, ninasoma mawasiliano. Profesa anataka kazi juu ya mwongozaji mmoja wa filamu wa Misri. Darasa zima limekimbilia Youssef Chahine. Mimi nataka wa nyuma zaidi: Mohamed Bayoumi ama Mohamed Karim?

Papa_Kamera: Chukua Bayoumi, mdogo wangu. Mzaliwa wa Tanta, 1894, ofisa wa jeshi aliyeenda Ujerumani kujifunza sinema. 1923 Saad Zaghloul, kiongozi wa kudai uhuru wa Misri, anarudi kutoka uhamishoni, Cairo imejaa watu, na Bayoumi yuko mle ndani na kamera yake. Kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono. Ukipunguza mwendo kwa uchovu, kwenye ekrani watu wanaonekana wanakimbia. Mimi ninapiga video za ndoa hapa Kadutu. Wamama wakianza vigelegele na kunisukuma, mashine yenye betri tu inanishinda, sembuse ile!

Halafu tafuta filamu yake fupi ya Barsum anayetafuta kazi, ya mwaka huohuo. Mkopti mmoja, yaani Mkristo wa Misri, na sheikh mmoja, wote hawana kazi, wote wana njaa. Ungeweza kuipiga leo pale soko la Nyawera bila kubadilisha kitu, isipokuwa kofia.

Mama_Nguba: Papa, unampenda kwa sababu ni fundi mwenzako. Bayoumi hakudumu. 1925 Talaat Harb wa Bank Misr alianzisha kampuni ya filamu, vifaa vya Bayoumi vikaingia humo, naye hakukaa sana. Karim ndiye aliyejenga: *Zaynab* 1930, bubu, 1932 *Awlad al-Zawat*, filamu ya Misri ya kwanza yenye maongezi, 1933 akamweka Abdel Wahab mwimbaji mbele ya kamera. Na 1959 akawa mkuu wa kwanza wa shule ya sinema ya Cairo.

Papa_Kamera: Sibishi, Mama. Lakini wanasimulia kwamba kwa *Zaynab* Karim aliosha miti na kuogesha ng'ombe ili kijiji kipendeze. Kijiji gani hicho?

Mama_Nguba: Na wewe bibi-arusi humfuti jasho kabla ya kumpiga?

Papa_Kamera: Hapo umenipata. Ila ng'ombe, hapana.

Mwanafunzi_Ibanda: Aksanti sana wakubwa. Nimeandika jina la Bayoumi kwenye orodha. Mwenye zile picha za Zaghloul kwenye simu anitumie, niko na megabaiti chache.