Perth hadi London bila kutua: tiketi inasema saa 10 au 17? Naomba ushauri

Msafiri_Mpole: Wakuu habari zenu. Mwezi wa saba nasafiri na bimkubwa kutoka Perth kwenda London na hesabu zimenivuruga. Kikokotoo cha umbali kinanipa kilomita 14,500 na saa 16. Tiketi inaonyesha tunaondoka 18:45, tunafika kesho yake 05:05. Hapo mimi naona saa kumi na dakika ishirini tu! Kuna tiketi nyingine ya kubadilisha ndege njiani, jumla saa 22. Bimkubwa magoti yanamsumbua. Mngekuwa nyie mngechukua ipi?

Kipanga77: Mkuu, saa za kwenye tiketi ni za kila uwanja kwa saa za kwao. Mwezi wa saba London iko nyuma ya Perth kwa saa 7. (Wakati wa baridi ni 8, maana London wanabadili saa, Perth hawabadili.) Chukua hizo 10:20, jumlisha 7. Mtakaa saa 17 na dakika 20.

Msafiri_Mpole: Asante mkuu. Sasa ile 16 inatoka wapi?

Kipanga77: Kikokotoo kimegawanya 14,500 kwa 900, ambao ni mwendo wa ndege ikiwa imeshatulia angani. Hakijui kwamba muda wa tiketi unahesabiwa tangu ndege inapoachia geti hadi inapoegeshwa. Kilomita zenyewe ni za njia fupi kabisa juu ya tufe; rubani anayekwepa dhoruba au anga iliyofungwa anaongeza zake. Halafu upepo. Huko juu, kwenye kilomita kumi hivi, kuna mikondo inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na ikikaza inapita kilomita 160 kwa saa. Mkienda mnaipinga, mkirudi inawasukuma. Angalia tiketi ya kurudi, utakuta ni fupi.

Siti_ya_Dirishani: Hesabu safi, ila swali lilikuwa magoti. Mimi ningemvunjia safari. Saa 17 kwenye kiti kimoja kwa mtu mzima ni mateso.

Bi_Mwendo: Sikubaliani nawe ndugu yangu. Uwanja wa kuunganishia una korido ndefu, ukaguzi tena, na geti likibadilishwa mnakimbizana. Magoti yanaumia pale kuliko angani. Msafiri, cha kuangalia kwanza: hiyo ya saa 22 ni tiketi moja au mbili zilizounganishwa? Zikiwa mbili, ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haiwasubiri, na huenda mkalazimika kuchukua mabegi na kuyakabidhi upya.

Msafiri_Mpole: Nimekagua sasa hivi. Ni mbili, namba za uhifadhi tofauti, na kati yake kuna dakika 95.

Bi_Mwendo: Achana nayo! Chukua ya bila kutua. Omba kiti cha magurudumu mapema, angalau siku mbili kabla, viwanja vyote viwili. Mwekee mama siti ya kwenye njia ili ainuke bila kuruka watu, atembee kila baada ya muda, na achezeshe vifundo vya miguu akiwa amekaa. Kama amewahi kupata damu kuganda mguuni, aonane na daktari kabla hujalipa.

Siti_ya_Dirishani: Dakika 95 na tiketi mbili? Basi hapo nami nimehama upande.