Historia ya futiboli ya Kimarekani: nianze na Instant Replay au America's Game?

Mgeni wa Wisconsin
Habari zenu, ndugu zangu. Huu ni mwaka wangu wa tatu hapa Wisconsin, na kila Jumatatu kazini hakuna mazungumzo mengine ila ya Green Bay Packers, timu ya hapa jimboni. Sheria za mchezo nimekwisha kuzielewa kiasi cha kufuatilia, kwamba timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Kinachonishinda ni historia, kwa sababu wenzangu wakiutaja mwaka 1967 hushusha sauti kama watu wanaomtaja marehemu. Maktaba nimeazima Instant Replay cha Jerry Kramer na Dick Schaap, kilichotoka 1968, na America's Game cha Michael MacCambridge cha 2004, ambacho ni kinene kweli. Naomba ushauri wa waliovisoma: kipi kitangulie?

Mzee wa Maktaba
Anza na Kramer, mwanangu, na sababu ni huo huo mwaka 1967 unaokusumbua. Kitabu chake ni shajara ya msimu huo: alikuwa akizungumza kwenye kinasa sauti, na Schaap, aliyekuwa mwandishi wa habari, akayapanga maneno yake. Tarehe 31 Desemba Packers walicheza fainali ya ligi dhidi ya Dallas Cowboys katika baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri. Zikiwa zimebaki sekunde 16, Packers wako nyuma kwa 14 dhidi ya 17 na mpira umebakiza pungufu ya yadi moja kuvuka mstari wa goli, Bart Starr, kwotabeki wao, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, hakumkabidhi mwenzake mpira bali aliubana mwenyewe na kujipenyeza nyuma ya Kramer, ambaye pamoja na mwenzake Ken Bowman walikuwa wamemsukuma Jethro Pugh wa Cowboys kutoka njiani. Mchezo ukaisha 21 kwa 17. Ukitazama picha za siku ile jicho linamfuata Starr, lakini kitabuni anayesimulia ni mtu wa safu ya mbele, ambaye kazi yake ni kufungua njia na mpira wenyewe haugusi. Kocha Vince Lombardi naye utamwona kwa macho ya mtu anayefokewa naye kila siku mazoezini, tofauti kabisa na yule wa kwenye sanamu.

Msomaji wa Jioni
Kwa heshima zote kwa Mzee, napingana naye. Kramer anakupa timu moja na msimu mmoja, na ukikifunga kitabu chake bado hutajua kwa nini mji mdogo kama Green Bay umo katika ligi moja na New York. Jibu hilo liko kwa MacCambridge, anapomfuatilia Pete Rozelle, aliyeshika uongozi wa ligi mwaka 1960, akiwashawishi wenye timu kubwa wakubali fedha za televisheni zigawanywe sawa kwa sawa, hadi Bunge la Marekani likapitisha mwaka 1961 sheria ya kuruhusu haki hizo ziuzwe kwa pamoja. Kwangu mimi sura za mgao huo zinasisimua kuliko mechi yoyote, ingawa najua wengi watanicheka. Humo pia utasoma jinsi timu ya Rams ilivyohamia Los Angeles mwaka 1946 na kuwasajili Kenny Washington na Woody Strode, baada ya miaka 12 ambayo ligi haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Kasoro yake ni kwamba uzito wake uko baada ya Vita Kuu ya Pili. Anayetaka habari za 1920, ligi ilipoasisiwa katika duka la magari huko Canton, Ohio, hatashiba.

Muuguzi wa Zamu
Ningeongeza cha tatu, ila kisitangulie: League of Denial cha Mark Fainaru-Wada na Steve Fainaru, cha 2013. Kinaanza na Mike Webster wa Pittsburgh Steelers, naye mtu wa safu ya mbele kama Kramer, aliyefariki mwaka 2002 akiwa na miaka 50 baada ya kuchanganyikiwa kwa muda mrefu. Aliyeuchunguza ubongo wake ni Dkt. Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria, na alipochapisha mwaka 2005 matokeo yake, kwamba ubongo huo ulikuwa umeharibiwa na kugongwa kichwa mara kwa mara, madaktari wa kamati ya ligi waliandika kutaka makala hiyo ifutwe. Kramer husimulia majeraha kama mambo ya kawaida ya kazi. Ukishasoma hiki, kurasa zile zile hazisomeki tena kwa wepesi.

Asiye na Haraka
Kwa kucheka, Paper Lion cha George Plimpton: mwandishi aliyeingia kambi ya Detroit Lions mwaka 1963, akapewa nafasi ya kwotabeki katika mechi ya mazoezi, na badala ya kusonga mbele akairudisha timu nyuma.

Mgeni wa Wisconsin
Shikamoo Mzee, na ahsanteni nyote. Nimeanza na Kramer, na hicho kinene nimekiongezea muda maktaba. Leo wakati wa chakula nilimuuliza mwenzangu mmoja mtu mzima kama Pugh alisukumwa na Kramer peke yake au na Bowman pia. Aliweka uma chini, akavuta kiti, na tulirudi kazini tumechelewa dakika kumi.