Naomba ushauri: elimu ya kutomtikisa mtoto iwafikieje akina baba na dada wa kazi?
Habari zenu wapendwa. Kliniki za watoto hapa Moshi wengi wanaokuja ni akina mama, ilhali mtoto anayelia huachiwa pia baba au dada wa kazi. Kilio hufikia kilele karibu wiki ya 6 tangu mtoto azaliwe. Akitikiswa kwa nguvu, hata sekunde chache tu, shingo haihimili kichwa, mishipa ya damu ubongoni hukatika, na kwa nje huenda usione jeraha lolote. Ukishaangalia njaa, nepi na homa na bado analia, mlaze chali pasipo hatari ya kuanguka, toka chumbani dakika 5 hadi 10, rudi umtazame. Mtoto aliyetikiswa akitapika, akilegea au akipata degedege, hospitali mara moja, na mseme ukweli kwamba alitikiswa. Tuwapate wapi hawa wasiokuja: vijiwe vya bodaboda, vikoba, au kanisani na msikitini?