Mrejesho: Mtaa uliofungwa kwa meza za nje Chicago, baridi ya 2020

Wadau, niliuliza tufanyeje ili mtaa wa katikati ya mji uendelee kufungwa magari yasipite, migahawa ihudumie kwenye meza za nje kwa ajili ya korona, hata baridi ikiingia. Ahsanteni, ushauri umefanyiwa kazi.

Njia ya zimamoto imebaki mita 6 wazi, bila hata kiti. Mahema yameachwa nusu ya kuta wazi. Ukiyaziba pande zote hewa haipiti, ni sawa na kula ndani tu. Lami haipigwi vigingi, kwa hiyo kila mguu wa hema umefungiwa tofali la zege. Madumu ya maji kama uzito achaneni nayo, yanaganda na kupasuka.

Kilichosumbua hasa ni gesi. Mtungi wa kilo 9 kwenye hita ya BTU 40,000 (kipimo cha joto kwa saa) unakwisha kwa kama saa 10, na baridi ikikaza presha inashuka: mtungi unaota barafu kwa nje, moto unafifia na gesi bado imo. Dawa ni kuzungusha mitungi miwili kwa zamu; kuupasha mtungi moto ni kutafuta balaa. Ya akiba ikae nje kwenye kizimba chenye kufuli, si stoo.

Bado kuna suala la theluji: greda la mji haliingii penye vizuizi, hivyo ni koleo na mikono, na juu ya hema ifagiliwe kabla haijaloa.